Nilipigia Kura Filamu Nisiyoitazama

Ujumbe uliingia saa tano usiku. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima na simu yangu ilikuwa imebaki na chaji ya asilimia tisa. Ulitoka kwa mtu niliyeanza naye chuo kikuu mwaka wa 2018. Darasani tulimwita Dairekta, kwa sababu hata tukienda kula chapati na maharagwe alikuwa anatupanga tukae wapi ili mwangaza wa dirisha utupate vizuri. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Yeye alimaliza, akakopa huku na kule, akamshawishi kakake auze pikipiki, akatengeneza filamu ya dakika 94. Sasa ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo moja ya humu nchini, na ujumbe ulisema: "Nimeteuliwa! Bonyeza hapa unipigie kura. Ni bure. Unaweza kurudia kila siku."

Nikabonyeza. Picha za filamu tano zikajitokeza zimepangwa kama sabuni kwenye rafu ya duka. Nikachagua yake, nikaandika barua pepe yangu, kwisha. Kesho yake nikarudia. Kwa siku kumi na mbili nilipiga kura kumi na mbili. Filamu yenyewe sikuwa nimeiona hata dakika moja.

Alishinda. Wiki moja baadaye akanipigia simu kunishukuru, sauti yake bado imejaa sherehe. Tukapiga story kidogo, kisha akauliza, kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea kwake: "Na ule mwisho, uliuonaje?"

"Wacha tu," nikasema. "Uliniguza sana."

Akanyamaza kidogo. "Ulikuguza wapi?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama nilitenda kosa. Najua linavyosikika. Watu wanakula pesa za barabara, na mimi hapa najitesa kwa sababu ya kubonyeza linki. Hakuna aliyeumia. Wale wanne wengine walioteuliwa nao walikuwa na marafiki, mabinamu na wanakwaya wenzao wakibonyeza vilevile. Kura yangu ilikuwa kama mchango wa harambee: mtu wako akiitisha, unatoa, hukai kumuuliza hesabu.

Lakini harambee haidai kuwa imepima kitu. Ukichangia arusi, kadi haisemi "arusi bora ya mwaka". Tuzo inadai. Inaposema "filamu bora", inawaambia watu ambao hawakuwapo kwamba kuna wenzao waliokaa, wakatazama zote tano hadi mwisho, wakazilinganisha, kisha wakasema: hii. Hiyo ni kazi ya shahidi. Na shahidi tunamjua hata bila kusomea sheria. Ni yule aliyekuwapo. Mimi sikuwapo. Niliingia kizimbani mara kumi na mbili nikaapa juu ya jambo ambalo sikuliona, na sababu yangu pekee ilikuwa kwamba mwenye kesi ni rafiki yangu.

Kuna kushangilia na kuna kushuhudia, na zamani nilidhani ni kitu kimoja. Machi 2014 nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alitutangazia gwarideni kwamba Lupita Nyong'o ameshinda Oscar usiku ule kule Marekani. Tulipiga kelele hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona 12 Years a Slave. Hatukujua ni hadithi ya mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani, wala hatukujua Lupita alifanya nini ndani yake. Na bado ile furaha ilikuwa halali kabisa. Binti wa kwetu ameitwa mbele ya dunia, nawe unashangilia. Lakini hakuna aliyetuuliza sisi kama alistahili. Kuna waliokuwa wameulizwa hilo, nasi tuliamini kwamba walikuwa wametazama.

Sasa hapo ndipo mambo yanakuwa magumu. Mwaka wa 2025, Academy, chama kinachotoa Oscar, kilitangaza sheria mpya: mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kitengo chochote mpaka ithibitishwe kwamba ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kitengo hicho. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Yaani kwa miaka zaidi ya 90, katika vitengo vingi, tuzo kubwa kuliko zote za filamu ilikuwa inawaachia wapiga kura wake dhamiri zao tu. Wanachama wa kupiga kura ni karibu 10,000, watu wa filamu wenyewe, na ilibidi waandikiwe sheria ya kutazama filamu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa nimejiona mle ndani.

Kwa hivyo tusijidanganye kwamba kuna enzi safi tuliyoipoteza. Hafla ya kwanza ya Oscar, mwaka wa 1929, ilichukua kama dakika 15 katika hoteli moja ya Hollywood, na washindi walikuwa wameshatangazwa miezi kadhaa kabla. Lilikuwa ni kundi la watu wa kazi moja wakipongezana. Baadaye kampuni zikajifunza kumwaga mamilioni ya dola kuwabembeleza wapiga kura. Mwaka wa 2015 waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa wazungu, na mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, mpaka kelele zikakilazimisha chama kuahidi kubadilisha sura ya wanachama wake. Mashahidi walikuwa wachache, wa ukoo mmoja, na wengine walikuwa wanasinzia.

Ndiyo maana wengi wa rika langu wanasema, wacha zife. Na zinaonekana kufa, au angalau kuhama nyumba. Mwaka wa 1998, Titanic iliposhinda, Wamarekani zaidi ya milioni 55 waliitazama hafla ile kwenye televisheni. Mwaka wa 2021, wakati wa korona, walibaki takriban milioni 10. Idadi imepanda tena kiasi, lakini haijakaribia ilikokuwa. Kuanzia 2029 hafla yenyewe inahamia YouTube. Tena filamu zilizokuwa zinabishaniwa kama ni filamu kweli sasa zimo ndani: mwaka wa 2019 Roma ya Netflix ilichukua Oscar tatu, ikiwemo ya mwelekezi bora, na mwaka wa 2022 CODA, iliyosambazwa na Apple, ikawa ya kwanza kutoka kwa jukwaa la mtandaoni kushinda filamu bora.

Hebu fanya jaribio. Muulize mtu yeyote hapo ulipo kuhusu Oscar za Machi 2022. Atakuambia kofi. Atakuonyesha hata jinsi Will Smith alivyotembea kwenda jukwaani. Mwulize sasa ni filamu gani ilishinda usiku huo. CODA ni hadithi ya msichana anayesikia katika familia ya wavuvi viziwi, na ina mahali ambapo sauti yote inazimwa ili wewe mtazamaji ukae kwenye kiti cha babake. Nimeiona. Ilikuwa imepewa heshima kubwa kuliko zote, na dunia ikakumbuka kofi.

Kuna hoja nzito upande wa pili, nami nimelelewa nayo. Utotoni kwetu kulikuwa na kibanda cha video, bob kumi, mabenchi ya mbao, pazia la blanketi mlangoni. Hapo tulitazama filamu za Kichina na za Kihindi zikiwa zimesimuliwa na DJ Afro, Kiswahili na Sheng juu ya sauti za wenyewe, na yeye akitukumbusha nani ndiye stering na nani ataisha vibaya. Hakuna aliyejua filamu ipi ilipata tuzo gani. Kibanda kikijaa, filamu ni nzuri. Watu wakitoka kabla ya mwisho, ni mbaya, na mwenye kibanda hatairudia. DJ Afro hakuhitaji jopo lolote kumthibitisha. Watu walimthibitisha kwa kumi-kumi zao. Ukiniuliza kama ningependa kibanda kile kihukumiwe na wazee wa Hollywood, nitakuambia hapana, na nitakuambia kwa sauti.

Basi, watu wanasema, majukwaa ya sasa ni kibanda kikubwa tu. Yanahesabu watazamaji. Nambari haina ukabila, haina rangi, haiombi hongo.

Ningependa kuamini hivyo. Lakini tazama hesabu yenyewe ilivyo. Kuna wakati, mwanzoni mwa 2020, Netflix ilieleza kwamba itamhesabu mtu kuwa amechagua filamu akiitazama kwa angalau dakika mbili. Dakika mbili! Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 70 ya filamu. Siku hizi wanachukua jumla ya saa zilizotazamwa wanagawanya kwa urefu wa filamu. Hiyo ni bora, lakini bado haijui kama mtu mmoja aliimaliza au kumi walionja wakatoka. Haijui nani alilala. Kule kibandani ukisinzia jirani alikusukuma. Na kulikuwa na jambo jingine: filamu ikiisha, tulibaki nje ya pazia tukibishana hadi giza liingie. Mwenye kibanda alisikia yote. Nambari haibishani na mtu nje ya pazia.

Tena wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kibanda cha filamu nne kwa siku, methali hiyo ilifanya kazi. Mahali penye maelfu ya filamu, na programu inayoamua uone ipi kulingana na ulichotazama jana, kizuri kisichotembezwa hakuna atakayejua kilizaliwa. Filamu ya Dairekta ilikaa miezi saba kwenye kompyuta yake bila mnunuzi. Baada ya ile tuzo, jukwaa moja lilimtafuta ndani ya wiki mbili. Ndiyo, tuzo niliyoisaidia kwa uongo ndiyo iliyomfungulia mlango. Nikiwa mkweli, hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Septemba 2018, wiki zetu za kwanza chuoni, mimi na Dairekta tulikata darasa tukapanda matatu hadi Prestige, Ngong Road. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa kuonyeshwa rasmi Cannes. Nyumbani ilikuwa imepigwa marufuku, kwa kuwa ni hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili. Lakini sheria za Oscar zilisema filamu ya nje inayotaka kuwania lazima ionyeshwe ukumbini nchini kwake kwa siku saba mfululizo. Wenye filamu wakaenda kortini, na jaji akasimamisha marufuku kwa siku saba. Siku saba tu.

Sitasahau foleni ile. Watu walikuwa wamevaa kama wanaenda arusini. Tiketi za onyesho tulilolitaka zilikuwa zimekwisha, tukangoja lililofuata tumekaa sakafuni. Mle ndani watu walicheka mahali ambapo mimi nisingecheka, wakanyamaza mahali ambapo sikutarajia, na mzee mmoja mbele yetu alikuwa anafuta miwani kila mara. Dairekta alishika mkono wa kiti muda wote. Tulipotoka hatukusema kitu mpaka tukafika stejini.

Rafiki haikupelekwa Oscar. Kamati ya hapa ilichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, ile ya mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinamtengenezea filamu. Nayo ni filamu nzuri, sina kinyongo nayo. Lakini fikiria: tuzo ambayo Rafiki haikuipata, hata kuiwania haikuiwania, ndiyo iliyotufanya tukae pamoja gizani siku ile. Ile sanamu ya dhahabu haikufanya chochote. Kilichofanya kazi ni sharti dogo kwenye karatasi, lililosema kabla ya kuileta kwetu, watu wako waitazame kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichomkosea Dairekta. Nilimpa kura kumi na mbili, na mtu ambaye aliwahi kukaa karibu nami kwenye kiti kile alikuwa anataka dakika 94.

Na si yeye tu. Riziki yangu ni kuandika. Sina cheti, kwa hivyo nalipwa kwa makala, na kuna tovuti zinazolipa kulingana na watu waliobonyeza. Nimeandika "filamu kumi za kutazama wikendi hii" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kumi, nimeona tatu. Zile saba nyingine nilisoma maelezo yake mtandaoni nikayabadilisha maneno. Nilijiambia ni kazi tu, kodi ya nyumba haijui maadili. Lakini kuna msomaji mahali fulani aliyenunua bando la mwisho la wiki kwa sababu mimi nilisema filamu fulani "haitakuacha vilevile". Mimi mwenyewe ilikuwa imeniacha vilevile, maana sikuiona.

Mama bado huniuliza kuhusu kile cheti. Huwa namwambia kwamba karatasi si elimu, nami naamini hivyo. Ila nimeanza kuelewa anachokililia. Kwake, cheti maana yake ni watu wasiomjua mwanawe walikaa wakasoma alichoandika, wakakubali kuweka sahihi. Wengine walisoma vizuri, wengine walipitisha macho. Lakini ahadi ya kusoma ilikuwepo. Bila mtu wa kutoa ahadi hiyo, mtu kama mimi nabaki kuhesabiwa. Makala yangu yamebonyezwa mara elfu ngapi, naweza kukuambia. Yamesomwa na nani hadi mwisho, sijui.

Mwezi uliopita nililipia jukwaa lile, nikafunga mlango, nikaitazama filamu ya Dairekta. Ni ya mlinzi wa usiku, mzee wa miaka hamsini na kitu, anayefanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Kitabu cha hesabu anakificha ndani ya koti. Mwishoni matokeo yametoka. Anaandika nambari yake ya mtihani kwenye simu, kidole kiko juu ya kitufe, na gari linapiga honi langoni. Anaiweka simu kifudifudi juu ya kiti, anaenda kufungua lango. Filamu inaisha lango likiwa wazi.

Nililia, sitaficha. Sasa ningeweza kumwambia uliniguza wapi: kwenye ile simu iliyolazwa kifudifudi, kwa sababu nami nina barua pepe kutoka chuoni ambayo sijaifungua tangu 2020.

Basi, nilikuwa sahihi? Filamu ni nzuri. Kura yangu iliangukia mahali pazuri. Lakini ni kama mtu aliyeapa kortini bila kuwapo, kisha ikatokea kwamba mshtakiwa kweli hakuiba. Ukweli umetoka, lakini yeye hakuusema. Aliubahatisha. Na kesi ijayo ataapa tena. Zaidi ya hapo, "nzuri" siyo "bora". Kusema bora, lazima nijue zile nne nyingine. Nikaanza kuzitafuta. Mbili nimezipata. Moja ilinichosha. Ya pili, sauti yake na utulivu wake, nadhani imeizidi ya rafiki yangu. Nadhani. Mbili zilizobaki hazipo popote, si ukumbini, si mtandaoni. Ziliteuliwa, zikapigiwa kura na mamia ya watu, na sijapata hata mtu mmoja aliyeziona.

Nilimtumia Dairekta ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nilikiri kuhusu zile kura. Nikamwambia kuhusu simu na lango, nikamwambia pia kwamba kuanzia dakika ya 40 hadi ya 55 filamu inazunguka mahali pamoja na nilitazama saa mara mbili. Nikamtajia ile nyingine niliyoiona bora, nikamwambia aitafute. Tiki zikawa za buluu. Kimya. Nilijua nimepoteza rafiki.

Kesho yake jioni akajibu: "Hapo dakika ya 40 hata mama alisinzia. Ile nyingine nitumie linki."

Zile mbili bado nazitafuta. Kama uliziigiza, au ulibeba taa, au ulikaa nyuma ya chumba siku ilipoonyeshwa, niandikie. Nina dakika zangu tayari.